Umeme umekatika wakati wa kupandisha Ubuntu kwenda 24.04, sasa kompyuta haifunguki

Mwalimu_Kongwa
Habari za kazi, ndugu zangu. Shuleni kwetu, wilayani Kongwa, tuna kompyuta ya mezani inayotunza alama za wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Jana jioni mfumo wake endeshi ulikuwa ukipandishwa kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, vifurushi vyote vilikuwa vimeshapakuliwa na usakinishaji umevuka nusu, ndipo umeme ukakatika, na mashine hiyo haina UPS (betri ya akiba). Uliporudi, niliiwasha, ikaleta kioo cheusi chenye maandishi yanayoishia na “Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)”, ikaganda hapo. Fundi mmoja ananishauri niifomati, lakini mafaili ya alama yamo ndani na mitihani ya muhula imekaribia. Je, inaweza kuokolewa bila kufuta kitu?

Fundi_Makole
Pole sana, Mwalimu. Tafadhali usiifomati, kwa sababu ujumbe huo hausemi kwamba diski imekufa. Keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, imeshawekwa, ila faili lake la initrd, ambalo ndilo linaloiwezesha kuiona diski wakati wa kuwaka, inaelekea halikukamilika umeme ulipokatika. Kwa hiyo keneli inaamka, inaitafuta diski, haiioni, inasimama.

Keneli ya zamani kwa kawaida huwa bado ipo. Washa mashine na ubonyeze Esc, au ushikilie Shift kama ni ya BIOS ya zamani, hadi menyu ya GRUB, ile ya kuchagua keneli ya kuwashia, itokee. Ingia “Advanced options for Ubuntu”, chagua keneli yenye namba ndogo zaidi, kisha ikikupa nafasi ya kuandika amri, andika `sudo dpkg --configure -a`, imalizie kupanga vifurushi vilivyoachwa nusu.

Mama_Steshenari_Nkuhungu
Naomba kuongeza jambo moja kabla Mwalimu hajaandika amri yoyote. Tengeneza fleshi ya Ubuntu kwenye kompyuta nyingine, iwashe mashine kwa fleshi hiyo, uchague kujaribu bila kusakinisha, kisha unakili folda ya alama kwenye diski ya nje. Hapa dukani kwangu wanafunzi wa chuo huleta mashine zenye tasnifu ndani, na sijawahi kukubali kugusa mfumo kabla kazi ya mtu haijatoka nje. Amri aliyoitaja Fundi ni sahihi, lakini diski iliyokatikiwa umeme ikiwa inaandika inaweza kuwa na tatizo jingine ambalo bado halijaonekana.

Mwalimu_Kongwa
Ahsanteni. Alama zote nimezinakili, na keneli ya 5.15 imewaka. Hata hivyo, amri ya dpkg inakwama ikisema “No space left on device”, ilhali zaidi ya nusu ya diski ni tupu. Pia `lsb_release -a` inaonyesha 24.04. Je, ina maana kazi imekamilika?

Fundi_Makole
Bado, Mwalimu. Jibu la `lsb_release` linatoka kwenye faili dogo ambalo huweza kubadilishwa mapema, kwa hiyo si ushahidi kwamba vifurushi vingine vimekwisha kupangwa. Kuhusu nafasi, andika `df -h /boot` uone nafasi ya /boot, mahali zinapokaa keneli na initrd. Nadhani aliyeisakinisha alitenga sehemu ndogo kwa ajili ya /boot, na hiyo ndiyo iliyojaa. Kisha andika `ls -lh /boot` utafute faili la initrd ambalo jina lake linaishia na `.new`. Hilo ni lile lililoachwa nusu, lifute. Nafasi isipotosha, hamishia /root initrd za keneli nyingine za zamani, ila usiiguse ile ya keneli inayotumika sasa, inayotajwa na `uname -r`.

Baada ya hapo rudia `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`, halafu `sudo update-initramfs -u -k all` na `sudo update-grub`. Usiandike `apt clean` kwa sasa, kwa kuwa vifurushi ulivyopakua vimo ndani ya /var/cache/apt/archives, na ukivifuta utalazimika kununua bando upya.

Mwalimu_Kongwa
Faili la `.new` lilikuwepo kweli, nikalifuta. Amri zote zimepita, na mashine imewaka kwa keneli ya 6.8. Je, niiondoe ile ya 5.15 ili /boot ipumue?

Fundi_Makole
Iache kwanza, hadi ya 6.8 iwe imewaka mara kadhaa na printa ya shule imechapa bila shida. Kisha `sudo apt autoremove --purge` itaondoa keneli zilizopitwa na wakati.