Naomba ushauri: upepo mkali umepita Bagamoyo, na Jumapili tuna matembezi ya kikundi hadi Kaole

Kiongozi wa Msafara
Wakuu, salaam. Kikundi chetu kutoka Dar tulipanga Jumapili hii kutembea kutoka Bagamoyo mjini hadi magofu ya Kaole, kama kilomita tano. Kwenda tupite ufukweni, kurudi njia ya ndani ya mashambani. Usiku wa kuamkia jana kusi, upepo wa kutoka kusini, imevuma vibaya. Mwenyeji wetu katuma picha: mvinje umeng'oka na mizizi yake, umelala katikati ya njia ya ndani, na nyuma yake nguzo ya umeme imeinama.

Tuko ishirini na kitu, wakiwemo mama wawili wa makamo na vijana wa sekondari waliofuatana na wazazi. Basi limeshalipiwa. Wengine wanasema upepo umetulia, twende. Wengine wanataka tuahirishe. Ratiba: kuanza kutembea saa tatu asubuhi, chakula Kaole, kuanza kurudi saa tisa alasiri. Mnanishauri nini?

Mwana wa Dunda
Mkuu, mimi ratiba yako inanitisha kuliko huo mvinje. Jumapili ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu, yaani ni bamvua, maji hupwa na kujaa kuliko siku nyingine. Pwani yetu hii, wakati wa bamvua maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, yakajaa kama saa kumi jioni. Kwenda mtafurahi. Sasa fikiria mmefika Kaole, njia ya ndani imezibwa, mnaamua kurudi ufukweni saa tisa. Maji yatakuwa yameshaingia kwenye mikoko. Kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua ni zaidi ya mita tatu, si mchezo. Kijito ulichovuka asubuhi maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu, alasiri yanakufika kiunoni, tena chini ni tope. Na upepo ule umehamisha mchanga, kwa hiyo palipovukika mwezi jana si lazima pavukike leo. Tena Kaole ya sasa bahari iko nyuma ya mikoko. Mkiwa mnakula pale hamuoni maji yanavyopanda.

Bint Kilindoni
Naongezea la miti. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia Mei 2024 nilikuwa kisiwani. Minazi ilianguka siku ile, sawa, ila kuna iliyoinama tu, udongo ukapasuka upande mmoja wa shina, ikaja kulala siku kadhaa baadaye hata upepo hakuna. Kwa hiyo kaka, "umetulia" isikudanganye. Mti ulioinama angalia chini kabla ya juu: ukiona ufa kwenye udongo au mizizi imeinuka upande mmoja, zunguka mbali. Halafu matawi yaliyokatika yakabaki yamening'inia, hasa ya mivinje na mikorosho. Msipumzike chini ya mnazi, maana nazi zilizolegea hazina taarifa. Na viatu viwe vya kufunika mguu. Ufukwe baada ya upepo umejaa misumari, vioo na vipande vya mabati.

Fundi Laini
Hiyo nguzo ndiyo ya kuiogopa. Waya ukiwa chini uhesabu una umeme hata kama mtaa mzima giza, kwa sababu unaweza kuwashwa muda wowote. Ardhi ikiwa na maji umeme unatembea, usiurukie wala usiusogeze kwa fimbo. Kaeni angalau mita kumi. Toeni taarifa TANESCO, na kama hawajafika hadi Jumapili, njia hiyo haipo.

Mzee wa Ahirisha
Mimi nasema sogezeni wiki moja mbele. Maji yatakuwa mafu, yaani hayapandi wala kushuka sana, miti itakuwa imekatwa. Hela ya basi inatafutwa, mtoto wa mtu humpati tena.

Mwana wa Dunda
Mzee yuko sahihi, siwezi kumpinga. Ila kama mnaenda, fanyeni safari ya upande mmoja. Anzeni saa mbili na nusu, mfuate maji yakipwa, mfike Kaole kabla ya saa sita. Basi lizunguke barabarani liwasubiri pale magofuni. Hakuna kurudi kwa miguu.

Kiongozi wa Msafara
Asanteni sana, nimesoma yote. Hili la basi sikuwa nimeliwaza. Kesho Jumamosi mimi na mwenzangu tunakwenda na bodaboda hadi Kaole, kisha tunarudi ufukweni kwa miguu na mvuvi wa pale wakati wa maji kupwa, tuone vijito na miti. Wa mbele na wa nyuma wameshapangwa, watahesabu watu kila kijito. Njia ya ndani nimeifuta kabisa. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya upepo unaozidi km 40 kwa saa, au tukikuta pabaya, naahirisha jioni hiyo hiyo, na wazazi nimeshawaambia.

Bint Kilindoni
Hapo sawa, kaka. Mvuvi mlipeni siku zote mbili, Jumapili atembee nanyi mbele. Na namba ya dharura 112 iwe kwenye simu ya kila mtu. Simu zifungwe kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kijito cha kwanza.