Blindspot imeisha na mimi nimetukanwa! Steringi kafa au hajafa?

Wakuu salaam, ingawa leo natoa salaam kwa shida. Nimemaliza episodi ya 100 ya Blindspot, ile tamthilia ya Marekani, dakika 20 zilizopita na mikono bado inatetemeka. Tangu siku ile steringi wetu Jane anatoka uchi ndani ya begi pale Times Square, mwili mzima tatuu, mgongoni kaandikwa jina la Kurt Weller wa FBI, mimi nimekaa na huyu dada kama ndugu wa tumbo moja. Leo yule jamaa, mnamjua, aliyekaa chini akaitunga hii kitu, kaona anilipe kwa begi lile lile!

Yaani sikilizeni. Wamekaa mezani wote, chakula kipo, vicheko vipo. Wenzao wapo: Patterson yupo, Rich Dotcom anaropoka kama kawaida yake, Weller anamwangalia mke wake Jane. Nikasema alhamdulillah, mtoto wa watu kapumzika. Mara picha inaruka: Jane kalala chini Times Square, kimya, wanamfungia kwenye begi la maiti. Mezani. Begi. Mezani. Begi. Halafu giza, majina yanapanda. Nikabaki kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba, mpigaji akakata kabla hajasema nani kafa.

Kafa? Kapona? Ile meza ni ndoto ya mtu anayekata roho, au lile begi ndiyo mawenge ya ZIP, ile dawa ya kufuta kumbukumbu? Nauliza kwa sababu huyu jamaa ndiye aliyetuzoesha kutoamini kichwa cha Jane! Sizoni nzima ya kwanza tulilia naye tukijua ni Taylor Shaw, yule jirani wa Weller aliyepotea utotoni. Jino la Jane lilipimwa, likasema kazaliwa Afrika, tukafumba macho. Mwishoni Weller anafukua mifupa ya Taylor, kumbe muuaji ni baba mzazi wa Weller. Jane siyo Taylor, ni Remi, na kabla ya Remi alikuwa Alice Kruger wa Afrika Kusini, na hiyo dawa ya kufuta kumbukumbu alikubali mwenyewe kupewa. Yote hayo nilimeza bila maji. Sasa mtu ameshanidanganya mara zote hizo, dakika ya mwisho ananionyesha mambo mawili yasiyokaa pamoja halafu anazima taa?

Dawa inaitwa ZIP, na mwisho wa yote anafungiwa zipu. Huyu jamaa alikuwa ananicheka usoni.

Mla Mihogo: Episodi 100 kwa dakika 42 ni saa 70, mkuu. Ungekuwa na heka mbili za matikiti sasa hivi.

Binti wa Mwananyamala: Nakazia uzi. Mimi niliacha walivyomuua Reade, mwenzao wa FBI, mwanzoni mwa sizoni ya 5. Misimu minne kaka wa watu anapigana, halafu kombora la Iceland na mazishi hata hayajashiba machozi. Zapata, mpenzi wa Reade, nilimlilia kama shemeji yangu.

Mzee wa Kipepeo: Mleta mada tuliza presha. Jane yuko hai. Maiti haipakui wali.

Fundi Saa: Mzee unapotosha. Kafa. Ubongo ulikuwa unaaga, ndiyo maana mezani kila mtu ana furaha. Umeona lini familia nzima imekaa mezani bila mtu kununa?

Mleta mada: Fundi Saa usinifanyie hivyo. Kama meza ni ndoto, basi Weller kabaki mjane na mimi nimeshangilia maiti. Mnaelewa lakini? NIMESHANGILIA! Nilisimama kabisa, jirani akagonga ukuta. Halafu begi.

Mla Mihogo: Kwa hiyo na jirani naye kafa au kapona?

Kibopa Hohehahe: Acheni utoto, nyie hamjaumizwa. Michael Scofield wa Prison Break tulimzika 2009, nikalia mpaka nikakosa kazini siku mbili. 2017 anaibukia gerezani Yemen! Nani atanirudishia yale machozi?

Binti wa Mwananyamala: Kibopa, angalau wako alirudi. Sisi wa Game of Thrones tulisubiri miaka, 2019 kiti cha ufalme wanampa Bran, ambaye sizoni nzima ya 5 hakuonekana hata kivuli.

Mzee wa Kipepeo: Bran alikuwa anastahili.

Binti wa Mwananyamala: Babu, nakuheshimu, ila toka kwenye uzi huu.

Mleta mada: Jamani, begi. Turudi kwenye begi.

Chumvi Nyingi: Mimi hata hilo begi silijui. Niliangalia ya kutafsiriwa. Dakika ya mwisho mtafsiri anatuma salamu kwa wateja wa Buza, salamu zimeisha na muvi imeisha. Miaka yote hii najua walikula wakalala.

Fundi Saa: Hao watafsiri ni janga. Mmoja kwenye vita alimbadilisha steringi jina mara tatu.

Kibopa Hohehahe: Na vijana wa mabanda wanaotujazia muvi kwenye flashi je? Nimelipia sizoni ya 3 nzima, kanijazia episodi 21. Ya 22, ile Roman ndugu yake Jane anapokufa, haimo! Nikaingia sizoni ya 4 namtafuta Roman kila kona kama nimepotelewa na mdogo wangu.

Chumvi Nyingi: Mimi aliniwekea virusi, flashi nzima ikawa njia za mkato tupu. Picha za send-off ya dada yangu zilikuwemo humo humo.

Mleta mada: Kwa hiyo hakuna anayejua kama kafa?

Mla Mihogo: Chumvi Nyingi, hizo picha zipo, zimejificha tu. Usiifomati hiyo flashi. Uko wapi nikuelekeze?

Chumvi Nyingi: Temeke Mikoroshini, kaka. Ubarikiwe sana, nakuja inboksi.

Kibopa Hohehahe: Mla Mihogo na mimi nina memori kadi inagoma kusoma kwenye simu, inatibika?