Chaja ya simu iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani: je, inaweza kuwasha moto?

Mgeni wa Mtumba:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, na gari langu hushinda juani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kwa kuwa miti ya pale ninapoegesha bado ni michanga na haijatoa kivuli cha maana. Chaja ya simu huwa siichomoi. Imekaa kwenye tundu la kiberiti tangu siku niliyoinunua kwa machinga. Jumanne iliyopita nilipofungua mlango nilikutana na harufu ya plastiki iliyoungua. Niliigusa chaja nikaiachia upesi, na nilipoichomoa kwa kitambaa niliona ncha yake imekuwa ya kahawia. Simu nilikuwa nayo ofisini. Mwenzangu kazini anasema hilo ni jua la Dodoma tu, ilhali mke wangu anasema labda nasubiri gari liwake ndipo niamini. Naomba kufahamishwa: je, chaja isiyochaji kitu inaweza kuleta moto wakati gari limezimwa?

Babu wa Kondoa:
Yangu imekaa humo mwaka wa saba sasa na halijatokea lolote. Hata hivyo, gari langu likizimwa, tundu nalo linakufa. Je, taa ndogo ya chaja yako huzimika unapotoa ufunguo?

Fundi Waya Nkuhungu:
Swali la mzee ndilo la kuanzia. Magari mengi yaliyotoka Japani hukata umeme wa tundu hilo ufunguo ukitolewa, lakini yapo yanayouacha, na yapo ambayo sisi mafundi tuliyabadilisha wakati wa kufunga redio au alamu. Kama taa inabaki imewaka, chaja yako inapata volti 12 usiku na mchana.

Sasa kuhusu jua. Gari lililofungwa kwenye joto la nyuzi 31 au 32, kama la Oktoba hapa kwetu, hupita nyuzi 50 ndani ya saa moja, na dashibodi inayopigwa na jua moja kwa moja huzidi hapo. Joto hilo hulegeza plastiki na kuchosha vipuri vya ndani ya chaja, lakini haliwezi peke yake kuibadilisha ncha rangi. Chaja nzima isiyo na simu huvuta umeme kidogo mno, hivyo inapaswa kuwa na joto lilelile la vitu vilivyo jirani nayo. Yako ilinuka bila simu, kwa hiyo nashuku hitilafu ya ndani. Rangi ya kahawia peke yake ningesema ni ya zamani, kwa sababu chaja inayochezacheza tunduni, au tundu lenye vumbi, hupata moto pale chuma kinapogusana na chuma wakati simu inachaji.

Watu husema fyuzi italinda, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Fyuzi ya tundu hilo, ambayo mara nyingi ni ya ampia 15, imewekwa kulinda waya za gari, wala haikuwekwa kwa ajili ya chaja. Ampia 15 kwa volti 12 ni wati 180. Chuma cha kulehemu ninachotumia kuunga waya kina wati 60. Chaja iliyoharibika ikivuta ampia 8 ni karibu wati 100 ndani ya kiplastiki kisichozidi kidole gumba, na fyuzi itakaa kimya. Chaja iliyotengenezwa vizuri huwa na fyuzi yake ndogo kwenye ncha. Nyingi za bei ya chini hazina. Hiyo yako itupe, kisha peleka gari likaguliwe.

Mwalimu wa Sayansi:
Nakubaliana na fundi. Naongeza tu kwamba wale wanaochomoa chaja kwa kuogopa kumaliza betri wana hofu kubwa kuliko tatizo. Chaja ikivuta miliampia 20, kwa siku nzima haifiki nusu ya ampia-saa, na betri ya ampia-saa 45 haitaona tofauti kabla ya wiki kadhaa.

Mama Kisasa:
Mimi ningeogopa zaidi kilichochomekwa kwenye chaja kuliko chaja yenyewe. Niliwahi kuacha pawabenki juu ya dashibodi nilipoingia Soko la Majengo, na niliporudi ilikuwa imevimba kama andazi. Watengenezaji wa simu hushauri betri za lithiamu zisihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45. Ikivimba, usiitoboe wala usijaribu kuichaji tena. Viberiti vya gesi na manukato ya kopo navyo visikae juani.

Mgeni wa Mtumba:
Ninawashukuru nyote. Nilitoa ufunguo, nikasubiri, na taa ya chaja nyingine niliyoazima ikabaki inawaka. Leo fundi wa jirani alipofungua kisanduku cha fyuzi alikuta fyuzi ya ampia 30 mahali ambapo mfuniko unaonyesha 15. Sijui ni nani aliyeiweka, ingawa nakumbuka tundu hilo liliwahi kufa nikalipeleka kutengenezwa. Ameweka ya 15. Je, hapo nimemaliza?

Fundi Waya Nkuhungu:
Bado, ndugu. Waya iliyoishi chini ya fyuzi ya 30 huenda ilipata moto bila wewe kujua. Mwambie alitoe tundu lote na kuangalia waya zilizo nyuma yake: ganda likiwa limekakamaa, limepasuka au limebadilika rangi, akate kipande hicho na kuunga kipya cha unene uleule. Aulize pia kwa nini fyuzi ya kwanza iliungua, maana aliyeweka ya 30 alikuwa anakimbia swali hilo. Ukinusa tena harufu ile ukiwa barabarani, egesha, zima gari, toa watu kwanza, kaa mbali, na ukiona moshi mzito piga 114 kwa Zimamoto.

Mgeni wa Mtumba:
Nitamrudia Jumamosi. Hadi hapo fyuzi hiyo nimeichomoa kabisa, na simu nitachajia ofisini.