Miwani yenye kamera au simu mpya kwa mama asiyeona?

MtotoWaMakorora: Habari wakuu. Mama yangu haoni. Kaka anarudi kutoka Ujerumani mwezi ujao. Nimuagize Ray-Ban Meta, ile miwani ya akili mnemba inayoeleza kwa sauti kilicho mbele ya mvaaji, au ninunue simu ya Android hapahapa? Nataka kutuma hela wiki hii.

FundiSimu: Mkuu, haoni kabisa au anaona ukungu? Kiingereza anakijua? Bando nani ataweka?

FimboNyeupe: Mimi sioni tangu utotoni, na simu inanitosha. TalkBack, sauti inayosoma yaliyo kwenye skrini, imo ndani ya Android nyingi, na programu ya Be My Eyes ni bure. Humo unampigia mtu wa kujitolea kwa video, au unatumia Be My AI iliyokuja 2023: unapiga picha, inakueleza. Miwani achana nayo.

Chuga77: Aachane nayo kwa nini? Fimbo mkono huu, kapu mkono ule, simu ataishika na nini? Na kuinyanyua sokoni ni kuita vibaka.

MtotoWaMakorora: Haoni kabisa, ni presha ya macho. Anajua Kiswahili tu. Bando nitaweka mimi.

FundiSimu: Kiswahili tu, na hukusema! Kaka aijaribu miwani kwa Kiswahili hukohuko dukani, isipojibu asilipe.

FimboNyeupe: Na dawa asiiachie mashine peke yake. Niliwahi kupiga picha boksi la dawa ya presha, programu ikanisomea miligramu 5 bila kusita. Daktari aliniandikia 10, nikameza viwili. Kumbe stika ya bei ilikuwa imefunika namba, programu ikakisia. Vilikuwa vya 10. Usiku nainuka kitandani, kizunguzungu, nikaanguka. Baadaye jirani ndiye aliyenisomea boksi vizuri. Picha ikiwa mbaya, programu inaweza isikwambie "sijaona", ikajaza yenyewe.

BiZena: Pole sana ndugu yangu. Mama asipige picha kadi ya benki pia, picha zinatoka nje ya simu.

Chuga77: Na noti je? Programu ya Lookout ya Google inasoma hela.

FimboNyeupe: Ilianza na dola, ikaja euro na rupia. Shilingi yetu tunaipapasa, elfu kumi ni ndefu kuliko elfu moja.

Chuga77: Noti za sokoni zimechakaa, pembe hazipo. Urefu utaujuaje?

FimboNyeupe: Nazikunja nikishapewa: elfu kumi mara mbili, elfu tano mara moja, elfu mbili naiacha.

BiZena: Na elfu moja?