Tupeane uzoefu: Ulipoacha vitafunio vya pakiti, ulishika nini badala yake?

Mwanzisha mada, Umoja

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote. Naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwanangu wa pili aanze gredi ya kwanza. Kutoka nyumbani hapa Umoja, Nairobi, hadi stejini tunapita vibanda saba, na kila kibanda kimening'iniza pakiti mbele kama pazia: krispi, biskuti, vijiti vya mahindi vyenye unga wa rangi ya chungwa, na mabuyu yaliyotiwa rangi hadi ulimi wa mtoto unashinda mwekundu kutwa nzima. Kwa muda mrefu nilimpa shilingi 20 za mapumziko ya saa nne, nikijua vyema zinakokwenda.

Jumamosi moja nilikuwa nikifua sare yake, nikatoa mfukoni pakiti tatu tupu. Niliketi pale uani na kuyasoma yale maandishi madogo ya nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Viungo huorodheshwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi, na kwenye zile biskuti sukari ilifuata mara tu baada ya unga wa ngano, ikitangulia hata mafuta. Kwenye pakiti ya vijiti nilihesabu majina tisa ya vitu ambavyo havijawahi kuingia jikoni mwangu wala mwa mama yangu. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na kwamba ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Soda ya kola ya mililita 500 kwa kawaida ina zaidi ya gramu 50.

Jaribio langu la kwanza lilishindwa kabisa. Nilipiga marufuku kila kitu siku ya Jumatatu na kumtilia mtoto chungwa zima na karoti mbichi. Jioni vyote vilirudi vilivyo, na mwalimu akaniambia kwamba alikuwa ameomba biskuti kwa wenzake. Lile liliniuma, kwa sababu nilimfanya mtoto wangu awe mwombaji.

Sasa hufanya hivi kila Jumapili jioni. Nanunua viazi vitamu ambavyo ndani ni vya rangi ya chungwa, navichemsha na maganda yake kwa maji yasiyofika nusu ya sufuria, nafunika kwa mfuniko mzito na kuviacha vipoe humo humo. Kisha navimenya, navikata mviringo kwa unene wa kidole na kuvipitisha kwenye kikaango kikavu hadi pembezoni viwe kahawia na vianze kunata kwa utamu wake vyenyewe. Nanyunyizia chumvi kidogo sana na ndimu. Mwanangu anaviita biskuti za kiazi, na siku hizi kopo hurudi likiwa tupu.

Nanyi je? Mlianzaje, mlishindwa wapi, na kiliwagharimu kiasi gani?

Dereva wa matatu, Kangemi

Dada mwanzisha mada, asante kwa kulileta jambo hili. Mimi huamka saa tisa usiku, na kwa miaka mingi nilijitegemeza kwa soda, vinywaji vya kuongeza nguvu na smokie, zile soseji za barabarani, wakati mwingine tano kwa siku. Mwaka jana nilipimwa shinikizo la damu likapatikana liko juu, na muuguzi akaniuliza hula chumvi kiasi gani. Nilimjibu kwa uaminifu kwamba siongezi chumvi mezani. Akanieleza kwamba kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu tano kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na kwamba chumvi yangu nyingi nilikuwa nikiila ndani ya soseji bila kuiona. Nilikuja kujua pia kwamba tangu mwaka 2015 nyama za kusindikwa zimewekwa katika orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani.

Kilichonisaidia kilikuwa kwenye mkokoteni uleule. Anayeuza smokie huuza pia mayai ya kuchemsha, humpasulia mtu yai na kulijaza kachumbari. Nilimwomba yule kijana anipe mayai mawili yenye kachumbari tele, asitie chumvi wala ile sosi nyekundu. Nyumbani mke wangu hunifungia nduma mbili zilizochemshwa, nami huzila na chai ya rangi isiyo na sukari nikisubiri gari lijae. Nduma hukaa tumboni. Kutoka Kangemi hadi mjini na kurudi mara mbili sijasikia njaa. Sitaki kumdanganya mtu, dawa za presha naendelea kumeza kama nilivyoagizwa, ila ule usingizi mzito wa saa tano mchana uliokuwa ukinishika kwenye usukani umeondoka, na kwa mtu aliyebeba roho 14 nyuma yake hilo si jambo dogo.

Mwalimu mstaafu, Dagoretti

Naomba kuongezea jambo moja juu ya yule mtoto aliyeomba biskuti, kwa kuwa naona mama yake amelibeba kama aibu. Kuna wataalamu wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazili, wakiongozwa na Carlos Monteiro, waliogawanya vyakula katika makundi manne kwa kuangalia jinsi vilivyochakatwa. Kuchakata si kosa lenyewe, maana unga wa wimbi umesagwa na maziwa lala yamegandishwa, na hakuna ubaya. Hofu iko katika kundi la nne, la vyakula vilivyochakatwa kupita kiasi, kama zile krispi, biskuti za pakiti na soda. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliokaa wiki mbili wakila vyakula vya kundi hilo na wiki mbili wakila vyakula visivyochakatwa sana, huku sukari, mafuta na chumvi katika milo iliyoandaliwa vikiwa vimelinganishwa, na kila mtu akiwa huru kula atakavyo. Kwa vyakula vya kundi la nne walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Hao walikuwa watu wazima. Mtoto wa gredi ya kwanza hawezi kulaumiwa kwa kushindwa na kitu kilichowashinda wao.

Tusijidanganye kwa sharubati pia. Maji ya matunda, hata yakikamuliwa nyumbani, huhesabiwa katika sukari ile ile ya kupunguzwa, pamoja na asali. Mpe mtoto embe lenyewe, na nyuzi zake.

Muuza njugu, Muthurwa

Wanangu, nimeuza njugu kwa miaka 22, na nafurahi mnapozisifu, lakini nisiponena hili nitakuwa nimewakosea. Kitu cha shambani hakiwi salama kwa sababu tu hakina pakiti. Njugu na mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo huacha sumukuvu, ambayo kuchoma au kuchemsha hakuimalizi. Mwaka 2004 ilitokea Ukambani, watu zaidi ya mia moja wakafa kwa mahindi, na mimi nina jamaa kule. Mwaka 2019 shirika letu la viwango lilisimamisha siagi za njugu za kampuni kadhaa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla sijawasha jiko, mimi humimina njugu kwenye ungo juani na kuzichambua kwa mkono. Iliyosinyaa naitoa, yenye doa jeusi au la kijani naitoa, iliyovunjika naitoa. Nikitafuna moja ikawa chungu, gunia lote linarudi lilikotoka, hata kama hasara ni yangu. Nanyi mnaponunua, tazameni hivyo hivyo, na muuzaji akikukataza kuonja, nenda kwa mwingine. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, zinaweza kumsakama. Mtwangie umtilie kwenye uji. Mihogo msiile mbichi, imenyeni na kuichemsha vizuri. Na nduma isiyoiva itawasha koo.

Mama wa watoto watatu, Kawangware

Nimesoma yote kwa makini, na nawaheshimu, lakini naomba hali yetu pia ionekane. Mimi hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Eneo la Viwanda, chumba chetu ni kimoja, na gesi ya kilo sita lazima ifike mwisho wa mwezi. Pakiti haihitaji moto. Nilipowapa wanangu hela za biskuti sikuwa mjinga wala mvivu, nilikuwa nahesabu gesi.

Niliponea kwenye githeri. Jirani yangu huchemsha mahindi na maharagwe kwa makaa na kuuza kwa kikombe. Nanunua vikombe vitatu jioni; kabla ya kukaanga kwa kitunguu na nyanya, nachota kikombe kimoja kikavu, nakichuja na kukitia kwenye makopo ya watoto na chumvi chembe. Wanakitafuna mapumziko kama wengine wanavyotafuna krispi. Wakati wa msimu naongeza ndizi mbivu au nusu parachichi. Matunda yaliyokatwa barabarani siwanunulii, kwa sababu sijui yameoshwa kwa maji gani. Nanunua zima na kuosha mwenyewe. Kwa hesabu yangu, watoto watatu wananigharimu shilingi 45 kwa siku, na zamani zilikuwa 60.

Mwanzisha mada, Umoja

Mama wa Muthurwa, shikamoo. Nimezimwaga njugu zangu zote kwenye sinia usiku huu na kutoa kiganja kizima nilichokuwa nimpe mtoto kesho. Mwalimu, maneno yako nimemsomea mume wangu.

Dada wa Kawangware, sikuwa nimefikiria gesi hata mara moja, na nakushukuru kwa kusema. Naomba unieleze: hicho kikombe unachochota jioni hakichachi hadi saa nne ya kesho yake? Mimi sina friji, na yale maharagwe yananitia wasiwasi kuliko mahindi.

Mama wa watoto watatu, Kawangware

Huchacha upesi zaidi ukikifunika kingali moto. Kichuje hadi kikauke, kitandaze kwenye sinia kipoe kabisa, ndipo ufunike kwa kitambaa safi, na alfajiri ukipashe moto vizuri hadi kitoe mvuke, kisha kipoe kabla ya kufunga kopo. Kipindi cha joto la Februari siachi usiku kucha. Nampigia jirani mlango saa kumi na moja, sufuria yake huwa tayari mekoni.