Mazoezi ya nyumbani kwa miwani ya VR: tupeane uzoefu, umedumu au umeiweka kabatini?

Jasho la Sebuleni:

Wakuu, salamu.

Huu ni mwezi wa tisa nafanya mazoezi sebuleni nikiwa nimevaa miwani ya VR, yaani ile ya uhalisia pepe inayofunika macho yote na kukuonyesha dunia ya kompyuta. Ilianza kama utani. Kijana wangu aliinunua kwa ajili ya michezo yake, jioni moja akanivisha, akanishikisha rimoti mbili, akasema, "Baba, kata hivyo viboksi." Ilikuwa Beat Saber. Kwa asiyeijua: unashika panga mbili za mwanga, viboksi vinakujia kwa mdundo wa muziki, unavikata kufuata mshale uliochorwa juu yake, na kuta zikija unachutama au unakwepa. Baada ya nyimbo nne nilivua miwani shati limelowa kama nimenyeshewa. Na mimi ndiye yule ambaye ngazi za ghorofa ya pili zilikuwa zinanisimamisha katikati nikajifanya natafuta funguo.

Matangazo tumeyaona: mtu anarusha ngumi hewani, anatabasamu, hana tone la jasho. Hapa nataka ya waliovaa kweli. Ulitumia programu gani, mwili ulisemaje, nini kilivunjika, na kama uliacha, kilichokuachisha ni nini.

Naanza na langu, na ni la aibu kidogo. Nilidhani kupanda ngazi za mchezo ndiko kupanda kwa afya. Mwezi wa nne nilikuwa nacheza nyimbo ngumu kabisa, na saa ya mkononi ikaonyesha mapigo ya moyo yameshuka, kutoka 150 hadi 115 hivi. Nikajisifu moyo umeimarika. Siku moja kijana akanirekodi kwa simu. Nilipojitazama, nimesimama wima kama mlingoti, vifundo vya mikono tu ndivyo vinacheza.

Tatizo ni hili. Beat Saber inatoa pointi 115 kwa kila kiboksi ukikikata vizuri: 70 kwa kuuleta upanga kutoka mbali, nyuzi 100, 30 kwa kuupeleka mbele nyuzi 60 baada ya kukata, na 15 kwa kupita katikati. Nyuzi hizo kifundo cha mkono kinazifikisha, bega halina haja ya kuamka. Yaani nilivyozidi kuwa hodari ndivyo nilivyozidi kuwa mvivu, na mchezo ukanipigia makofi. Sasa nimerudi ngazi ya katikati, nakata kwa mkono mzima, na kila ukuta nachutama mpaka mapaja yalalamike. Pointi zimeshuka, jasho limerudi.

Karibuni.

Mama Pacha:

Ahsante mkuu kwa kuufungua huu mjadala.

Mimi wiki ya kwanza nilitaka kuitupa dirishani. Dakika kumi tu, kichefuchefu, jasho baridi, nikalala sakafuni nimefumba macho huku wanangu wawili wanauliza kama mama amekufa. Nilijilazimisha kwa siku nne mfululizo nikiamini mwili utazoea. Haukuzoea, ulizidi. Ikafika mahali nikiiona tu miwani mezani tumbo linageuka.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba nilikuwa nacheza mchezo wa kutembea kwa kusukuma kidude cha gumba. Macho yanauambia ubongo tunakwenda mbio, sikio la ndani linasema tumesimama sebuleni. Ubongo haujui umwamini nani, tumbo ndilo linaadhibiwa. Programu ambazo wewe unabaki pale pale na vitu ndivyo vinakujia, kama hiyo ya viboksi au za ndondi, hazikunisumbua hata nusu yake.

La pili, lenzi zilikuwa zimepangwa kwa macho ya mume wangu. Umbali kati ya mboni zake na zangu si mmoja. Nilipozisogeza zikalingana na zangu, ile hali ya kuona kama kuna utando ikaondoka, na kichwa kikaacha kuniuma. Siku nne zile zote ningeweza kuzikwepa kwa kugusa kitu kimoja tu. Nikimkumbusha mume wangu anacheka, mimi bado sijaona cha kuchekesha.

Ushauri kwa mgeni: dalili ya kwanza ikija, vua. Usiseme "nimalizie hii moja". Mimi nilianza upya na dakika tano kwa siku, feni inanipuliza usoni, na sasa namaliza nusu saa.

Ngumi Mkononi:

Nimevunja: taa ya dari moja, fremu ya picha ya harusi, na heshima yangu mbele ya mama mkwe aliyekuwa ameketi kwenye kochi ambalo mimi nilijua halina mtu.

Kamba Yangu Inatosha:

Ndugu zangu, msinichukie. Nusu kilo ya plastiki usoni ili urushe ngumi hewani? Kamba ya kuruka haihitaji chaji, haina programu ya kusasishwa, haikutapishi. Mnazungushwa na wauzaji. Tokeni nje mkimbie.

Nyuma ya Pazia:

@Kamba Yangu Inatosha kaka, sikuchukii, ila nikueleze jambo ambalo pengine hujawahi kuliishi.

Mimi ni mwanamke mnene. Nimejaribu huko nje unakosema. Siku ya kwanza vijana walinifuata nyuma wakihesabu hatua zangu kwa sauti. Siku ya pili mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniambia nitavunjika magoti. Siku ya tatu sikutoka. Ukumbi wa mazoezi nao una vioo pande zote, na kila anayekupita anakupa pole.

Ndani ya miwani hakuna anayeniona, na kikubwa zaidi, mimi mwenyewe sijioni. Nikitazama chini naona glavu mbili tu. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima nilisogeza mwili wangu bila kuufikiria. Nakumbuka siku nilipomaliza raundi tatu za Thrill of the Fight, huo ni mchezo wa ndondi hasa, hauna muziki wala nini: mpinzani amesimama mbele yako, na ngumi legelege haimfanyi kitu. Nilikaa chini nikalia. Si kwa uchungu. Nilikuwa nimepigana dakika tisa na sikuwa nimemwomba mtu yeyote radhi.

Uzito umepungua kidogo sana, nisidanganye. Lakini nalala usingizi mzito, na mwezi uliopita nilitoka nje kutembea. Vijana bado wapo. Sikugeuka.

Kamba Yangu Inatosha:

Dada, nimekusoma mara mbili. Yaliyokukuta huko nje sikuyafikiria kabisa nilipoandika. Samahani. Kamba yangu naendelea nayo lakini maneno yangu nayarudisha.

Magurudumu:

Natumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo kwangu hili swali lina pande mbili.

Upande mzuri: ndondi za kukaa ni mazoezi makali kuliko mnavyodhani. Huna miguu ya kukusaidia, nguvu yote inatoka kiunoni kwenda juu. Baada ya dakika ishirini mabega yanawaka moto.

Upande mbaya: programu yangu ya kwanza ilikuwa inanipima kama mtu mfupi aliyesimama. Kila kizuizi cha kuchuchumaa kikija, nimekosa. Mwisho wa kila kipindi sauti ya kocha inaniambia, "Kesho jitahidi miguu zaidi!" Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya kumi sikucheka. Niliifuta.

Kabla hamjalipia chochote, tafuteni kwenye mipangilio kama kuna hali ya kukaa, na kama ikiwashwa inaondoa kabisa vizuizi vya kuchuchumaa au inavishusha tu. Ni vitu viwili tofauti. Zipo programu zinazoliheshimu hili, na kipindi cha majaribio cha bure kinatosha kujua. Pia kazeni breki za magurudumu. Niliwahi kurusha ngumi ya kulia nikajikuta nimetazama ukuta wa nyuma.

Mtu wa Viungo:

Kazi yangu ni kunyoosha viungo vya watu, na katika miaka hii nimeanza kupokea viwiko vya VR. Naomba nieleze kwa nini.

Ukipiga begi la mchanga, begi linausimamisha mkono. Ukipiga hewa, hakuna kinachousimamisha isipokuwa misuli na kano zako. Mtu mpya anarusha kwa nguvu zote, kiwiko kinanyooka mpaka mwisho na kugonga, mara mia tatu kwa kipindi kimoja. Kesho yake hawezi kuinua birika. Dawa ni kuiacha ngumi ikiwa bado kiwiko kimekunjika kidogo, na kuirudisha haraka kama ulivyoipeleka. Wengine wanafunga vyuma vya uzito mikononi kuongeza ugumu. Kwa mwendo wa kasi namna hii mimi nawakataza.

Shingo nayo. Quest 3, mojawapo ya miwani hizi, ina gramu 515, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele ya uso. Shingo ya nyuma inafanya kazi ya kuuzuia muda wote. Mkanda mgumu wenye betri kisogoni unaongeza uzito wa jumla lakini unausawazisha, na wengi wanasema wanaona nafuu.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu naona watu wanahesabu hiki kama mazoezi yote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za makali, na juu yake mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku mbili. Hizo dakika VR inaweza kukupa vizuri tu. Nguvu za misuli haikupi, maana rimoti haina uzito wa maana. Piga pushapu, nyanyua kitu. Na mwenye kifafa, au aliyewahi kupoteza fahamu kwa mwanga unaomulika, amwone daktari kwanza kabla ya kuvaa.

Jasho la Sebuleni:

@Mtu wa Viungo mkuu, ahsante sana. Hicho kiwiko nilikuwa nakisingizia umri.

Uso Mwekundu:

Wenzangu mmesahau ngozi. Mimi baada ya wiki tatu nilitoka na alama nyekundu kuzunguka macho, mfano wa bundi. Ile sponji inanyonya jasho la leo, unaivaa kesho ikiwa na jasho la jana. Nikinusa sasa hivi nashangaa niliwezaje.

Si mimi peke yangu na wala si aina moja ya miwani. Mwaka 2021 huko Marekani lilitolewa tangazo la tahadhari kwa vipande karibu milioni 4 vya sponji za miwani ya Quest 2 kwa ajili ya malalamiko ya ngozi kuwasha, watu wakapewa kifuniko cha silikoni. Changu ni kifaa kingine kabisa na yalinikuta vile vile. Siku hizi natumia silikoni, naifuta kila nikimaliza, na kichwani navaa kitambaa cha kuzuia jasho lisiingie kwenye lenzi. Lenzi nafuta kwa kitambaa kikavu cha miwani, spiriti sigusishi.

Na msiianike miwani juani ikauke! Lenzi zinakusanya jua kama kioo cha kukuzia na kuchoma skrini ndani kwa muda mfupi sana. Rafiki yangu ana doa la njano katikati ya kila kitu anachokitazama.

Baba Mtambaazi:

Nyongeza kuhusu ule mpaka tunaouchora sakafuni kupitia miwani, unaotokea mbele ya macho ukikaribia kutoka eneo la kuchezea. Unakuzuia wewe usitoke, haumzuii mtu kuingia. Mwanangu wa miezi kumi alitambaa mpaka miguuni kwangu nikiwa katikati ya kipindi. Nilimgusa kwa unyayo kabla sijamkanyaga, Mungu mkubwa. Tangu siku hiyo nafunga mlango kwa ufunguo na sauti naiweka chini nisikie ya nyumbani. Sina la kuchekesha hapo.

Nilishaacha:

Nami niseme kwa niaba ya walioacha, maana tupo wengi na huwa hatuandiki.

Sikuacha kwa kuchoka. Nilikuwa na programu moja ya usajili wa kila mwezi, kila siku kipindi kipya, makocha walewale. Nilikuwa nimeshawajua kama majirani: huyu anacheka kabla hajamaliza sentensi, yule anahesabu vibaya makusudi. Siku mia mbili na kitu sikukosa. Kisha vipindi vipya vikaanza kuwa vichache, halafu vikakoma, na hakuna aliyetuaga. Vya zamani vilikuwepo, nikajaribu kuvirudia. Lakini kumsikia mtu akikuambia "tuonane kesho" huku unajua hakuna kesho kunakata moyo kwa namna ya ajabu. Nikaikosa siku moja, mbili, ikawa mwezi.

Siku hizi natembea tu jioni. Miwani iko kabatini, betri imekufa.

Mama Pacha:

@Nilishaacha pole, ndugu yangu. Hili la makocha nalielewa kuliko ninavyopenda kukiri. Ndiyo maana nimebaki na michezo ya kununua mara moja, hata kama haina wa kunipongeza.

Chumba Kimoja:

Samahani wakuu, mimi ni mgeni. Chumba changu nikinyoosha mikono nagusa kitanda huku na kabati kule. Nijaribu au niache?

Ngumi Mkononi:

Mimi ndiye mvunjaji mkuu hapa kwa hiyo nisikilize. Simama katikati, nyoosha mikono, zunguka polepole. Kama unagusa kitu, ndondi sahau. Viboksi vya kukata mbele yako vinawezekana ukisogeza kitanda, mradi usichague vipindi vya kugeuka pande zote. Tandika kimkeka kidogo pale unaposimama, ucheze bila viatu. Unyayo ukiacha kuhisi mkeka, ujue umehama. Vaa kamba za rimoti vifundoni, halafu tazama juu. Mpaka hauchorwi darini, na mimi taa yangu niliiua kwa mkono ulioinuliwa kushangilia ushindi.

Jasho la Sebuleni:

Wakuu, nimewasoma wote. Jana kwa ajili ya @Nyuma ya Pazia nimejaribu hiyo Thrill of the Fight. Nilipanga raundi tatu. Nimemaliza moja na nusu, mpinzani mwenyewe ni yule wa kwanza kabisa, wa wanaojifunza. Leo asubuhi nimepiga mswaki kwa mikono miwili.

Kesho kutwa narudi ulingoni.