Ma-CR (wawakilishi wa madarasa) wa vyuo vya Dar, tangazo la boom (pesa ya mkopo) siyo stori za kijiweni!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Niko mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Dar, jina naliacha. CR wetu katupia tangazo kwenye grupu la WhatsApp, nalileta kama lilivyo: "Oya wanangu, mzigo unakaribia kusoma, vichwa vikadondoshe wino kwa dingi wa juu kabla jua halijakaa kati." Basi, kaishia hapo!

Alimaanisha orodha ya kusaini boom inafungwa saa sita mchana. Mimi wa Tandika nikaelewa, nikakimbia. Binti mmoja wa darasani kwetu, katokea Kasulu, akadhani kuna mtu katumiwa mzigo wa basi, akaenda zake maktaba. Hakusaini. Ile ndiyo pesa yake ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, na kwao hakuna wa kumtumia hata buku.

Kilichonipandisha hasira zaidi ni alipouliza kwenye grupu. CR akamjibu: "Sista, kwani we umeshuka na basi gani?" Emoji za kicheko zikamiminika, wengine hata hawajawahi kuongea naye. Binti akajitoa kwenye grupu. Sasa hata matangazo mengine hayapati.

Na asije mtu hapa kuniambia naringia Kiswahili sanifu. Lekchara ni Kiingereza mwanzo mwisho, tukitoka tunakaa kwenye vimbweta, vile viti vya nje vya kujisomea, mtu anakupigia mada yote kwa lugha ya mtaani na inaingia. Desa (notsi), sapu (kurudia mtihani), kukeri (kubeba somo ulilofeli hadi mwaka unaofuata), kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), hizo mgeni anazidaka mapema tu kwa sababu chuo kizima kinazitumia (na hilo la kudisko kila mtu analiogopa). Za CR ni za maskani kwao Sinza, wanaelewana yeye na washikaji zake watatu, wiki ijayo wameshabadilisha. Kapigiwa kura na darasa zima halafu anaongea na watatu!

Nimemfuata inbox, jibu: "Tulia mwanangu, mjini shule."

Anayejua mtu aliyechelewa kusaini anaanzia ofisi gani aseme hapa, tafadhali, binti wa watu anashindia maandazi. Na wewe CR, najua humu unapita. Ratiba ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ukituandikia hivyo hivyo, tunakutoa.